Chombo Kisichouliza

Niliitwa kwenye usaili wa kazi niliyoisomea ujana wangu wote: utafiti wa akili unde katika vyombo vya jeshi la majini vinavyojiendesha chini ya maji. Mwenyekiti akauliza chombo kifanye nini kikikosa mawasiliano, na mbele kuna kinachofanana na adui.

“Kiibuke, kiulize.”

Akacheka. “Mwalimu, adui atakungoja?”

“Kwetu Kasoli, mheshimiwa, anayefuata nyayo za ng'ombe walioibwa akizipoteza husimama, akawaita wenzake. Havamii boma la karibu.”

“Hapa hatutafuti ng'ombe.”

“Lakini wavuvi wetu wamo katika maji hayohayo.”

Kazi alipewa mwingine. Bado nafundisha hesabu Bariadi, na mwanafunzi anayeitamani kazi ile namhimiza aiombe, ajibu kama nilivyojibu, wacheke hadi wachoke.