Wimbo wa Yaya wa Mama

Siku hiyo nilirudi kutoka wizarani sina hata nguvu ya kuvua viatu. Nikajitupa sebuleni, nyumbani kwetu Ghubra, hapa Maskati, karibu na mama yangu aliyekuwa akichambua mchele. Binti yangu akaja na daftari. Chuoni amechagua somo la muziki wa Kimarekani, na kesho yake alikuwa na mtihani.

"Mama, nisikilize tu. Ukinyamaza nitajua nimepatia."

Akaanza. Mahadhi ni ule mfuatano wa sauti unaokubakia kichwani. Mapigo ndiyo yanayokutikisa mguu. Bluzi, muziki wa Wamarekani weusi, ubeti wake una mistari mitatu: wa pili huurudia wa kwanza, wa tatu hujibu. Nilikuwa nimefumba macho, namsikia kwa mbali.

"Na asili yake," akasoma, "ni pamoja na nyimbo za kazi za watumwa mashambani. Mmoja huanzisha, wengine humpokea."

Mama akaacha mchele. "Hayo nnayajua. Unguja, shambani kwetu, wakichuma karafuu wakiimba hivyo hivyo." Akaimba kwa sauti nyembamba: "Ehee, jua latuacha, ehee."

"Na mwanzo wake, Bibi?"

"Mwanzo akiutoa yaya wangu. Mimi mtoto, nikipokea tu."

"Yaya wako alikuwa nani?"

"Mtu wa shamba." Akaurudia mchele wake. "Mama yake alikuwa mtumwa wa babu yangu."

Nikafumbua macho. Umri wangu wote sijapata kulisikia neno hilo kinywani mwake. Kwetu husemwa "watu wetu", basi. Nilikuwa nikijua, lakini kama mtu anavyojua jambo ambalo hajaambiwa. Kila mazungumzo yalipoelekea huko nilikuwa nikikumbuka chungu jikoni, nikaondoka. Siku ile nilikuwa nimechoka, hata kuinuka siwezi.

"Akiimba maneno gani?" binti yangu akauliza.

"Siyakumbuki, mjukuu wangu. Kanilea mpaka nimekuwa mwari, na sikumbuki hata mstari mmoja." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Wala sikumuuliza kitu."

Binti yangu aliweka daftari chini, akavuta sinia la mchele, akaanza kuchambua naye. Mimi nilibaki pale pale, viatu miguuni.

Mtihani alifaulu. Mama, mara kwa mara mchana, namkuta midomo inamcheza, anautafuta ule mwanzo. Hajaupata.