Fundi wa Viyoyozi Katika Mji wa Baridi

Saa mbili asubuhi, ukungu haujaachia mji wa Mbinga. Akina mama wanaokwenda sokoni wamejifunga vitenge viwili viwili, na moshi wa kuni umelala juu ya mabati. Gertrude Chiwanga anafungua mlango wa gari la abiria, lakini hagusi boneti. Anakaa kiti cha mbele, anaweka kiganja kwenye tundu la hewa, kisha anamgeukia dereva.

"Twende, kaka Isidori. Ugonjwa wa gari lako hauonekani likiwa limesimama."

Isidori Ndunguru anawasha gari akiwa na mashaka. Tangu mvua zianze, mafundi watatu wamelishika gari hili, mtumba kutoka Japani. Kila mmoja aliongeza gesi akaenda zake. Likitoka Mbinga kiyoyozi hupuliza vizuri. Likianza kushuka kuelekea Ziwa Nyasa, hewa hufifia, mwisho feni inalia tu na hakuna kinachotoka.

Anayesikia kwamba mji wenye baridi kama huu una fundi wa viyoyozi hucheka kwanza. Hata mumewe, Mwalimu William, alicheka. "Aliniuliza, 'Mama Glorious, utawauzia Wamatengo baridi?'" anasimulia Gertrude, mwenye umri wa miaka thelathini na minane.

Madereva hawacheki. Kiyoyozi hukausha hewa ndani ya gari, na hewa kavu ndiyo inayoondoa ukungu kwenye kioo. Katika barabara ya kushukia ziwani, yenye kona zilizobanwa na makorongo, kioo kikifunga ukungu, dereva ni kipofu.

Isidori aliyaona hayo mwezi Februari. Mvua ilikuwa inapiga, madirisha yamefungwa, abiria saba wanapumua ndani. "Kioo kilikuwa cheupe kama kimepakwa chokaa," anasema. "Nafuta kwa kitambaa huku naendesha. Mara nikasikia tairi la kushoto halikanyagi kitu."

Gari lilisimama ukingoni. Abiria waliteremka mmoja mmoja kwa mlango wa kulia, wa mwisho akiwa mama aliyetoka kujifungua hospitali, kichanga kifuani. Wakatembea na mvua mpaka kijiji cha Tingi. Mwenye gari akamwambia Isidori kwamba jambo hilo likirudia tena, analiegesha gari, naye atafute kazi nyingine. Isidori ana watoto wanne.

Gertrude hakuanza na magari. Alizaliwa Kihagara, ufukweni mwa ziwa, katika familia ya Kianglikana inayoishi kwa samaki na mihogo. Ujana wake aliutumia katika chumba cha baridi cha ushirika mmoja wa wavuvi, akijifunza kutengeneza mitambo ya kugandishia samaki. Biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu na ruzuku ikakatika, ushirika ule haukusimama tena. Mitambo ikauzwa kama vyuma chakavu.

"Nilisimama nikaangalia wanavyoipakia kwenye lori," anasema. "Ile kompresa kubwa nilikuwa nainyamazisha usiku kama mtoto. Niliumia."

William alipohamishiwa Mbinga, Gertrude alipanda naye mlimani. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kumiminika, baa zikaongezeka, na friji za baa zikampa ugali. Baadaye yakaja magari ya mitumba. Nazari, mchomeleaji mwenye uwanja karibu na stendi, alimruhusu kufungua kiyoyozi cha gari lililopinduka. Alikifungua na kukifunga hadi akakielewa. Gesi iliwahi kumrukia ikamuunguza kidole gumba. Alama ipo mpaka leo.

Wateja ndio walikuwa wagumu. "Walikuwa wanafika wananiuliza, 'Dada, fundi yuko wapi?' Nikiwaambia ni mimi, wanamwangalia Nazari," anasema. "Nazari anaendelea kuchomelea tu." Mwezi mzuri hupata kama shilingi elfu themanini. Mwezi mbaya anarudi kwenye friji.

Baada ya kupita Tingi joto la ziwa linaanza kupanda. Hewa kwenye kiganja cha Gertrude inapungua, halafu inakatika.

"Simama hapa. Usizime injini."

Sasa ndipo anafungua boneti. Bomba linalorudi kwenye kompresa, mashine inayosukuma gesi, limevaa barafu nyeupe. Anamwita Isidori aliguse.

"Jana uwanjani nilipima presha, gesi ilikuwa sawa," anamwambia. "Ndani ya dashibodi kuna kirejeta kidogo ambacho hewa hupitia ili ipoe. Kimeganda. Hewa itapita wapi?"

Anazima kiyoyozi na kuacha feni izunguke. Wanangoja, Isidori akichungulia korongo, Gertrude akila ndizi. Hewa inarudi taratibu. Lakini Gertrude ameinama chini ya gari, na uso wake hauna furaha. Barafu imeyeyuka, na hakuna hata tone lililodondoka.

Anarudi ndani, analala chali chini ya dashibodi. Kwanza anakuta kipimajoto chembamba, kile kinachoiamuru kompresa ipumzike baridi ikizidi, kinaning'inia nje ya mahali pake. Kuna aliyekichomoa akasahau kukirudisha. Anakirudisha, kisha anachokonoa mpira wa kutolea maji kwa waya. Linatoka donge la udongo mgumu, nyumba ya nyigu, na maji yote yanammwagikia kifuani.

Isidori anaanza kuomba radhi. "Acha, kaka," Gertrude anamkatiza. "Haya ndiyo niliyoyafuata."

Jioni wanapanda mlima kurudi Mbinga na abiria wanane. Mvua inaanza kabla ya kona kubwa. Kioo kinabaki safi, na Isidori, ambaye kwa miezi mitatu ameendesha akiwa na kitambaa mkononi, ameshika usukani kwa mikono yote miwili.

Gertrude sasa anataka pampu halisi ya kunyonya hewa kwenye mabomba, aache kutumia kompresa ya friji aliyoigeuza. Na kila Jumapili baada ya ibada anawakusanya madereva uwanjani kwa Nazari, anawaonyesha jinsi ya kuangalia kama maji yanadondoka na jinsi ya kuzibua mpira. Hatozi kitu. Wiki iliyopita walifika sita.

William amemuuliza, madereva wakishajua wenyewe, yeye atakula nini.

"Nimemwambia magari bado yanakuja," anasema Gertrude. "Na njia ya kwenda kwetu ni ile ile. Mama yangu huipanda akija kunisalimia. Siwezi kujua siku hiyo atapanda gari la nani."