Ng'ombe Mwekundu wa Ng'ambo

Niliishia darasa la nne, kwa hivyo sina hakika kama ni haki yangu kuandika kwa nini watu hupigana vita. Mwalimu wetu alisema vita huletwa na wafalme na ardhi. Huenda. Mimi niliona vita vikikaribia kuanza mara moja, mwanzoni mwa miaka ya sabini, chini kidogo ya Nyamarambe, na sikuona mfalme yeyote. Niliona ng'ombe mmoja, na wanaume wengi walioona haya kuuliza swali.

Mto ndio uliokuwa mpaka. Huku sisi wenye migomba na wimbi, ng'ambo majirani zetu wafugaji. Kila kiangazi ng'ombe walipotea. Kwetu ilisemwa wezi ni wale. Nikisema haki, vijana wetu pia walivuka, na hawakurudi mikono mitupu.

Sisi wanawake tulikutana kivukoni kubadilishana ndizi na maziwa. Kila mmoja alikuwa na mwenzake. Wangu alikuwa mama mrefu, mcheshi. Sikujua lugha yake wala yeye yangu, basi tuliongea Kiswahili, kila mmoja akikivunja kivyake. Siku moja akanipimia maziwa huku akicheka.

"Dada, hii maziwa ni ya kwenu."

"Ya kwetu namna gani?"

"Ng'ombe ya baba ya bwana yako, ile nyekundu. Imezaa. Iko kwetu siku mingi, kwani hujui?"

Sikujua. Wala mume wangu hakujua. Lakini nilielewa palepale, maana ni desturi yetu: mzee mwenye mifugo haiweki yote katika boma moja. Mmoja au wawili huwapeleka kwa rafiki wa mbali, awachunge na kunywa maziwa, ili ugonjwa ukija usimalize wote, na ndugu wakija kuomba wakute boma jembamba. Na hasemi. Tena baba mkwe alikuwa amemwambia mume wangu mbele ya watu kwamba hana hata mkia wa ng'ombe wa kumsaidia mwanawe mdogo kuoa. Nikanyamaza. Mambo ya boma la mkwe si ya mke wa mtoto.

Asubuhi moja kijana mmoja wa kijiji chetu, aliyevuka kutafuta mbuzi wake, alimwona yule ng'ombe kwenye malisho ya ng'ambo. Akatambua mkato wa sikio, alama ya ukoo wetu. Akarudi mbio, akapiga yowe.

Yowe kwetu lina sheria yake. Ukilisikia unashika silaha na kukimbia. Anayeuliza kwanza ni mwoga. Kilima hiki kikalipokea, kile kikalipokea, na kila lilipopokelewa lilinenepa. Kwetu lilifika likisema ng'ombe mwekundu ameibiwa. Vilima vya mbele, nilisikia baadaye, watu walikimbia wakiamini kuna waliouawa.

Mume wangu akachomoa mkuki kwenye paa.

"Ng'ombe wa nani?" nikamwuliza.

"Wetu!"

"Wetu nani?"

"Wewe, unaniuliza kama karani? Kaa na mtoto!"

Nilipofungua mdomo nimwambie, alikuwa ameshapita migomba. Na hata ningemwambia, nani angesimamisha watu kwa neno langu? Ng'ombe ana mwenyewe. Ng'ambo nako pembe ililia, na nikaona mikuki yao ikiteremka mtoni, mingi kama yetu.

Baba mkwe alikuwa amesimama nje ya nyumba yake, kofia mkononi. Kwetu mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe, hamtazami usoni, hazungumzi naye ovyo. Ni heshima tunayoiita chinsoni, na nililelewa nikiiogopa kuliko radi. Basi nikasimama mbali, nikageukia upande, nikaongea na binti yangu niliyembeba mgongoni, ambaye hata meno hakuwa nayo.

"Mwanangu, mwambie babu kwamba baba yako ameenda kufa kwa ajili ya ng'ombe mwekundu."

Kisha mzee akasema, "Mjukuu wangu, mwambie mama yako ng'ombe wekundu ni wengi duniani."

"Mwambie babu kwamba huyu amezaa. Maziwa yake nimeyanywa."

Akakohoa. "Mwulize nani amemwambia."

"Mwambie ni mke wa rafiki yake. Na huyo rafiki yuko pale mtoni sasa hivi, ameshika mkuki kama baba yako."

Mtoto akacheua. Mzee akaizungusha kofia mikononi.

"Watanicheka," akasema. "Na mwanangu ataniuliza habari ya mahari." Hakuwa akiongea na mtoto tena.

Nikamgeukia. Nikamwita baba kwa lugha yetu. "Tata, heri wakucheke."

Akavaa kofia. Sijaona mzee akiteremka kilima namna ile. Tulipofika, mishale ilikuwa tayari kwenye pinde. Akaingia majini na viatu vyake vya kanisani, akasimama katikati.

"Ng'ombe ni wangu!" akapaza sauti. "Hakuibiwa! Nilimpeleka mimi, kwa mikono yangu!"

Rafiki yake akajibu kutoka ng'ambo: "Mzee, watu yako wanakuja kuniua sababu nachunga ng'ombe yako?"

"Na amezaa hukuniambia!"

"Utaambiwa wapi, na wewe unajificha watoto yako kama mwizi?"

Wa ng'ambo wakacheka kwanza. Mume wangu hakucheka. "Tata, si ulisema boma ni tupu?"

"Boma lilikuwa tupu. Ng'ambo hukuuliza."

Hapo hata sisi tukashindwa kujizuia. Mikuki ikawa fimbo za kuegemea, na vigelegele vya wanawake vikatoka kingo zote mbili.

Sitaki kusema tuligeuka malaika. Lakini siku ile wazee wengine wawili watatu walikohoa na kukiri kwamba nao wana ng'ombe ng'ambo, na mzee mmoja wa ng'ambo akasema kondoo wake wako kwetu. Wasiokuwa na rafiki wakaanza kumtafuta. Mume wangu mwenyewe alipeleka mtamba, mchana, watu wakiona. Na ikakubaliwa kwamba yowe lijibiwe kwa swali: ng'ombe wa nani, na nani amemwona? Yule mwekundu alirudi akamwolea shemeji yangu mke.

Huko ndiko kujikinga na vita ninakokujua. Weka kitu chako mikononi mwa yule unayeambiwa ni adui, na kila mtu ajue kiko pale. Wasomi huenda wana njia bora.

Kiangazi kilichofuata wezi walikuja kweli, wasiojulikana, wakaswaga kundi la ng'ambo. Yowe likapanda vilima vyetu. Watu waliuliza, na walipojibiwa kwamba ng'ombe ni wa ng'ambo na wetu pamoja, wote walivuka mto. Haki isemwe: wengi walikimbilia mifugo yao, si undugu. Lakini walikimbia bega kwa bega, na jioni jua halijatua niliwaona wakirudi na kundi lote, hakuna aliyeumia. Wale wakiimba wimbo wao, wetu wakiimba wa kwetu, kwa wakati mmoja, hakuna aliyejua maneno ya mwenzake, na mume wangu mbele kabisa akiimba kwa sauti mbaya kuliko wote.