Wawindaji Kwenye Ranchi Alikobaki Kimanzi

Tangu nipate akili, baba yangu hajawahi kuniomba nimsindikize popote. Ana karibu miaka themanini, na hata hospitali huenda peke yake kisha hutuambia ameshatoka. Kwa hiyo aliponipigia simu kutoka Kyuso na kusema, "Njoo, tunaenda Makueni," nilifunga kibanda changu cha ushonaji pale Matinyani, nikawaacha wateja wakinung'unikia sare za watoto wao, nikaenda.

Sababu nilielezwa nilipofika. Ranchi moja upande wa Kibwezi ilikuwa imewaalika wawindaji wa zamani wa Ukambani wakae pamoja na wafugaji. Serikali ilikuwa ikikusanya maoni kuhusu sheria ya wanyamapori, na pande hizo mbili, ambazo zimezoea kutukanana, zilitaka kujaribu kuandika barua moja. Lakini si barua iliyomtoa baba nyumbani. Kwenye ardhi hiyo ndiko alikowinda na mdogo wake, Kimanzi, kabla sijazaliwa, wakati uwindaji ulipokuwa umeshapigwa marufuku. Nyati alimuua Kimanzi huko. Baba, akiogopa jela, alimzika porini kwa mikono yake, na nyumbani akamwambia mama yao kwamba Kimanzi ameenda Mombasa kutafuta kazi. Susu, yaani nyanya yangu, alimngoja hadi akafa.

Baba aliniambia hayo huku akitafuta kofia yake, bila kunitazama. Mimi ndiye niliyepewa jina la marehemu. Utotoni, mara nyingi baba aliniita kwa sauti iliyonifanya nigeuke nyuma nione ni nani mwingine anayeitwa. Siku hiyo nilielewa.

Ijumaa, saa kumi na moja alfajiri, tuliondoka Kyuso kwa lori lililobeba magunia ya ndengu. Dereva, Mutua, ni mtoto wa jirani, akatupa nafasi mbele. Baba alivaa koti la kijivu la kanisani nililomshonea mwenyewe, na mikono ya koti sasa ilimfika kwenye vidole. Mimi ni fundi, nilimpima vizuri. Ni yeye aliyepungua, na nilisikia uchungu kuona hivyo.

Mwingi tulikunywa chai kwa mahamri, tukapita Kitui jua likiwa limeshapanda. Baada ya Mutomo ndipo baba alipoanza kuongea. Kila kona ilikuwa na mnyama wake.

"Hapo tulikuwa tunapata kanga. Pale kwa ile kanisa, swala."

"Mzee, hiyo si kanisa, ni petroli stesheni," Mutua akasema.

"Naona. Sijasema mimi ni kipofu."

Aliniuliza kama nakumbuka nyama ya swala. Nakumbuka sana. Mama alikuwa akiipika mchana, mlango umefungwa, na sisi watoto tuliambiwa tukiulizwa tuseme ni mbuzi. Tulikula mbuzi miaka mingi na zizini hawakupungua. Mate yalinijaa mdomoni pale ndani ya lori, kisha nikaona haya, kwa maana niliyemtamani hasa ni mama akiwa hai jikoni kwake, akitukataza kelele.

Kwenye daraja la mto Athi baba aliomba tusimame. Maji yalikuwa machache na ya rangi ya udongo. Alisema wao walivuka kwa miguu, pinde juu ya vichwa, Kimanzi akimcheka kwa sababu baba hakujua kuogelea. Alikaa pale muda mrefu kiasi kwamba Mutua alizima injini.

Jumamosi saa tatu asubuhi, baada ya kulala kwa shemeji yetu Kibwezi, tulifika ranchi. Mwenyekiti wa wenyehisa ni mjane anayeitwa Mama Ndunge, mwanamke mrefu wa gambuti na leso kichwani. Wafugaji walikaa upande mmoja wa kibanda cha mabati, wawindaji upande wa pili. Kati yao alikaa afisa wa wanyamapori na daftari lake. Wawindaji walikuwa kumi na wawili, wote wamevaa makoti ya Jumapili, watatu wameshika Biblia.

Baada ya maombi Mama Ndunge aliuliza, "Haya, nani kati yenu aliwahi kuwinda hapa?"

Macho yote yalikuwa kwenye sare ya yule afisa. Mzee mmoja kutoka Kasikeu akasema yeye alikuwa tu anabeba maji. Mwingine akasema aliyewinda ni shemeji yake, na shemeji ameokoka. Wa tatu akasema alisikia habari hizo.

"Sasa mimi nimeita wawindaji ama nimeita kwaya?" Mama Ndunge akauliza.

Watu wakacheka, lakini bado hakuna aliyekubali. Nilijua baba akinyamaza tutarudi Kyuso hivyo hivyo, na hatapata nafasi nyingine. Nilijua pia akisema, huenda nisirudi naye. Akasimama na kuvua kofia.

"Mimi. Niliwinda hapa na mshale wa sumu, na sheria ilikuwa imekataza. Ndugu yangu aliuawa na nyati, nikamzika hapa hapa, sikuambia chifu, sikuambia mama." Akamgeukia afisa. "Kama ni kunishika, nishike. Lakini kwanza wanipeleke mahali ndugu yangu yuko."

Afisa aliitoa kofia yake pia, akaiweka gotini. "Mzee, mimi nimetumwa kuandika maoni. Hiyo naandika kama maoni."

Hapo ndipo midomo ilipofunguka. Aliyekuwa anabeba maji alikumbuka ghafla mpaka urefu wa pembe. Wafugaji nao wakatoa yao: pundamilia wanamaliza nyasi wakati wa kiangazi na hairuhusiwi kuwagusa, simba akila ng'ombe, fidia inangojwa hadi ndama anakuwa fahali. Wawindaji waliomba siku chache za kuwinda kila mwaka. Mfugaji mmoja akasimama kwa hasira.

"Nyinyi mkifunguliwa mtakula mpaka ng'ombe zetu."

Ingeishia hapo kama si Mama Ndunge kumwaga chini gunia la mitego ya waya. Wachungaji wake waliiokota vichakani, na mmoja ulikuwa umemkata mguu mtamba wake. Baba aliokota waya mmoja, akaushika mbali na koti lake.

"Hii si kuwinda," akasema. "Sisi mnyama mwenye mimba hatukupiga. Kwa maji wakati wa njaa hatukupiga. Hii waya inajua nini? Inanyonga chochote."

"Na mtu anaweza kujua nani aliweka?" Mama Ndunge akauliza.

"Alama za miguu yake ziko chini. Ni kusoma tu."

Kufikia saa saba barua ilikuwa na mambo ambayo pande zote ziliyakubali. Wazee watawafundisha wachungaji kusoma nyayo ili mitego iondolewe. Ranchi itaacha njia ya wanyama kufika majini. Wote wanaomba fidia ilipwe haraka, na ikiwa serikali itaruhusu pundamilia wapunguzwe, kazi hiyo ifanywe na watu wanaomjua mwenye mimba, na nyama igawiwe vijiji vya karibu. Kuhusu kurudisha uwindaji hawakukubaliana, na wakaandika hivyo hivyo kwamba hawakukubaliana.

Saa nane Mama Ndunge alitupakia kwenye pikapu ya ranchi pamoja na wachungaji wawili. Baba alikuwa na alama zake: jiwe lenye ufa, kijito kikavu, kisha hatua arobaini kuelekea machweo. Lakini vichaka vilikuwa vimefyekwa na nyasi kupandwa, na kijito kilikuwa kimechimbwa bwawa. Alitembea saa nzima. Akatembea nyingine. Koti likajaa vumbi mpaka mabegani, na alipokataa maji nilitamani kumkamata mkono nimrudishe garini. Kisha akasimama katikati ya nyasi na kuita kwa nguvu, "Kimanzi!"

Nilitaka kuitika. Neno la kumwitikia, "Nau", yaani baba, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikanyamaza, kwa sababu safari hii nilijua si mimi.

Alienda mbele kidogo, akafika kwenye mwinuko mdogo kando ya mgunga. "Ni hapa," akasema. Akapiga magoti na kuongea Kikamba, polepole, jinsi mtu anavyomweleza mwenzake habari za nyumbani: nani ameoa, nani ametangulia, shamba limegawanywa vipi. Mwishowe akamwambia kwamba mama yao alimngoja. Mama Ndunge na wachungaji walisimama juani mpaka alipoinuka.

Jumapili tulirudi na lori lile lile, likiwa tupu. Tulipoipita Ikutha, Mutua akiwa amefungulia redio mahubiri, baba alisema karibu na sikio langu, "Haikuwa pale."

"Ilikuwa wapi?"

"Sijui. Trekta imepita kote. Nilichoka, na yule mama alikuwa amesimama jua na watu wake. Nikasema ni hapa."

Nilimkunjia mikono ya koti isimsumbue, na akaniacha nimkunjie.

Nimerudi kwenye cherehani yangu. Barua ilipelekwa na bado haijajibiwa. Nilichojifunza ni kwamba wafugaji na wawindaji walikuwa wanaogopana zaidi ya walivyochukiana, na kwamba ilitosha mtu mmoja kuanza kusema kweli. Kwa hiyo Mama Ndunge aliponipigia simu juzi, niliogopa, maana kuhusu kaburi hatukusema kweli. Alisema wachungaji wamepanga mawe pale kwenye mgunga, wamezungushia miiba, na ng'ombe sasa wanapitishwa kando. Walitaka kujua waandike nini.

Nilimpigia baba, nikamwuliza kama niwaambie kwamba siyo mahali penyewe.

"Usiwaambie," akasema. "Waandike Kimanzi. Mama aliniuliza yuko wapi mpaka siku ya kufa kwake, na mimi nikamwambia Mombasa. Nikimfikia, akiniuliza tena, sasa niko na mahali pa kumwambia."