Nilipolirudisha Neno Langu Mahakamani

Mjomba alinijia kituo cha polisi na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko. Nilikuwa nimekamatwa barabara ya Lamadi nikiswaga maksai mwekundu ambaye yeye mwenyewe alinipa nimpeleke mnadani. Kumbe mwenye maksai ni mtu wa Dutwa, na alikuwa akimtafuta.

"Ng'wanawane, mwanangu, wewe kubali tu," alisema kwa sauti ya chini. "Ukikubali, yanaisha. Mimi usinitaje, nitakuwa nje nakuhangaikia."

Nilimwamini. Kijijini kwetu, mbele ya sungusungu, anayekiri hukemewa, hutozwa faini, akarudi kwake. Anayebisha ndiye anayepigwa. Basi mahakamani Bariadi waliponisomea shtaka la wizi wa ng'ombe, nilitazama miguu yangu nikasema, "Ni kweli." Mbele ya watu mimi huwa sina maneno. Hakimu akaandika. Mwendesha mashtaka akasema maelezo ya kosa bado hayajawa tayari, nikapelekwa mahabusu.

Huko nilimkuta muuza samaki wa Lamadi, mtu wa mdomo sana.

"Bwana mdogo, kwa hiyo uliiba?"

"Sikuiba."

"Sasa ulikubali nini?" Akawageukia wenzake. "Huyu akiulizwa kama amekufa, atasema ni kweli, mheshimiwa!"

Walipochoka kucheka, aliniambia kwamba kabla adhabu haijasomwa mtu anaweza kuomba kulirudisha neno lake. Ikishasomwa, ni jela. Nilimshuku. Nilidhani anataka michembe yangu. Nikampa, akala, na bado akasema vilevile.

Ndipo nikaanza kumfikiria mjomba. Yeye hakosi mnada hata akiumwa. Kwa nini safari ile alinituma mimi?

Siku ya kurudi mahakamani, maelezo yalisomwa: kwamba nilivunja zizi Dutwa nikatoa maksai.

"Maelezo haya ni ya kweli?" hakimu aliuliza.

Mjomba, kwenye benchi la nyuma, aliitikia kwa kichwa kabla sijafungua mdomo.

"Si kweli, mheshimiwa. Naomba kufuta neno langu la kwanza. Zizi hilo silijui. Maksai nilipewa nimswage."

"Alikupa nani?"

Nilitazama benchi la nyuma. Ni kaka wa mama yangu.

"Haya, utasema wakati wa kujitetea," hakimu alisema, akaandika kwamba nimekana. Kesi ingesikilizwa na mashahidi. Akauliza nani atanidhamini.

Mjomba alisimama upesi, kofia mkononi. "Mimi, mheshimiwa. Ni mtoto wa dada yangu. Nitakaa naye kwangu mpaka siku ya kesi."

Alikuwa anatabasamu. Nikaiwaza nyumba yake, ilivyo mbali na majirani.

"Naomba nirudi mahabusu," nikasema.

Hakimu hakusikia vizuri, akanitaka nirudie. Nikarudia kwa sauti, nikimtazama mjomba.