Boriti Juu ya Goli Letu

Mpaka leo sielewi kwa nini watu wazima, wenye akili zao, wakimbizane na mpira wenye umbo la yai, ambao ukianguka hata wenyewe hawajui utaelekea wapi. Nilimwambia mwenzangu maneno hayo siku ya kwanza alipopita nao mbele ya chumba cha dobi. Akanijibu kuwa mpira wa mviringo ni wa watu wanaopenda mambo rahisi. Utani wetu ulianzia hapo.

Mimi hufua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Yeye alikuwa mpishi wa chakula cha wafanyakazi, mtu wa bara, kutoka Kakamega, na mdogo wangu kwa miaka kama kumi. Alipofika alikuwa ameshaambiwa kwamba Pwani wakubwa huamkiwa, basi kila akikutana nami, asubuhi, mchana, hata mlangoni mwa choo, ilikuwa ni "Shikamoo, mzee." Baada ya siku ile ya mpira nilimkataza. Nitawezaje kumtukania timu yake na yeye ananishika miguu? Nilimwambia kuwa kwetu mtani ana ruhusa ya kukucheka hata kwenye matanga ya baba yako, nawe huna haki ya kununa. Jambo hilo lilimpendeza sana. Tangu siku hiyo salamu yake ikawa, "Mzee, jana mmefungwa ngapi?" Nami nikimjibu, "Nyinyi je, mmevunjana mbavu ngapi?"

Tukitoka kazini tulikutana uwanjani, kule Ukunda, nyuma ya nyumba za kupanga. Naita uwanja kwa heshima tu. Palikuwa na mchanga, mawe ya matumbawe yaliyochomoza kwenye kona moja, na mbuzi wasiojali kipenga. Magoli yalikuwa yetu sisi watu wa kandanda. Watu wa raga hawakuwa na yao, na raga hutaka milingoti mirefu inayopanda juu kupita mwamba wa goli. Basi kila Jumamosi walileta boriti za mikoko, zile za kujengea nyumba, wakazifunga kwa kamba juu ya magoli yetu. Jumapili zilifunguliwa ili sisi tucheze.

Kazi ya kufunga na kufungua ilituangukia mimi na mpishi, na tuliitungia sheria. Goli ni refu, lazima mmoja ampande mwenzake mabegani. Ambaye timu yake imefedheheka wiki hiyo ndiye anayebeba. Timu yetu ya taifa ya kandanda ikiwa vile ilivyo, nilimbeba mpishi huyo mpaka nikaanza kujipaka dawa ya mgongo. Naye alikuwa mzito, maana alikula alichopika. Akiwa kule juu alikuwa haishi kunipa nasaha. "Simama imara, mzee. Beki yenu ingesimama hivi mngekuwa mbali."

Sioni haya kusema kuwa niliupenda uwanja ule kuliko mpira wenyewe. Mke wangu amefariki, na nyumbani nimebaki na redio. Mimi na mtu wa Kakamega hatuna ukoo mmoja, dini moja wala mji mmoja. Tulichokuwa nacho ni mahali pa kubishania, na nilijua kwamba pakiondoka, tutabaki watu wawili wanaofanya kazi hoteli moja.

Mwaka jana lori likaja likamwaga mawe ya kujengea pembeni mwa uwanja. Tukaambiwa kuwa kiwanja kina mwenyewe, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwona, na kwamba anataka kukizungushia ukuta. Watu wa kandanda na wa raga tukaenda pamoja kwa chifu. Chifu akaitisha baraza, na siku yenyewe akaja afisa wa ardhi, mgeni kabisa wa sehemu hizi, kuuliza kama kweli uwanja unatumika.

Mimi na mpishi tulikuwa tumechaguliwa kusema. Tulikubaliana kwamba anayejisifu mwenyewe haaminiki, kwa hiyo mimi niwasemee watu wa raga, na yeye atusemee sisi. Nilisimama kwanza. Sisi watu wa Pwani hatujui kuanza neno zito bila maskhara kidogo, hata mshenga hufungua posa kwa mzaha.

"Bwana afisa," nikasema, "hawa watu wa raga wametutesa. Kila Jumamosi, miaka yote hii, hutuvamia, hupanda juu ya magoli yetu kama kima, na tumeshindwa kuwatoa."

Baraza zima likacheka. Mpishi akainuka, amekunja uso kwa makusudi. "Na hawa wa kandanda, bwana, wamekaa hapo tangu hatujafika. Bao hawafungi na kutoka hawatoki. Hata uje na rungu."

Akina mama waliokaa nyuma wakapiga vigelegele. Nikaona tumeshinda, kwa kuwa kila mmoja alikuwa amemshuhudia mwenzake kuwa yupo pale miaka na miaka. Afisa peke yake hakucheka. Alisubiri kelele zitulie, akasimama, akasema kuwa wapiganapo fahali wawili, ziumiazo nyasi. Serikali, akasema, haiwezi kuacha mahali panapowagombanisha wenyeji na watu wa bara. Ukuta uendelee, ili kila mtu apate amani.

Kwetu maneno hayo ya wenyeji na wabara si maneno ya kuchezea. Wapo waliokumbuka mwaka ule wabara walipofukuzwa na kuchomewa nyumba, wakatazama chini. Chifu, ambaye anatujua, akamwambia, "Bwana, hawa ni watani tu."

"Nimewasikia kwa masikio yangu," akasema afisa, na akaenda kwenye gari lake.

Baadaye mwashi mmoja aliniambia kuwa msingi ulikuwa umepimwa zamani, kabla ya baraza. Hata tungelia machozi ya damu, ukuta ungejengwa vile vile. Ng'ombe wa maskini hazai. Nilimfuata mpishi jikoni nikampa habari hiyo, nikidhani itampunguzia mzigo. Alikuwa anakoroga maharagwe. Akasema, "Inaweza kuwa hivyo." Kisha akaniambia kwamba watu wake wa raga wamemwonya, mgeni akae kama mgeni, asiwafanyie wenyeji mzaha hadharani. Wenzangu wa kandanda nao walikuwa wakisema yao, na nilikuwa nimeyasikia. Hasira zilinijaa, lakini za kumrushia nani? Afisa alikuwa ameshaondoka, na mwenye ukuta simjui.

Mvua za masika zilipofika, wageni wakapungua na hoteli ikawasimamisha watu kazi, naye akiwa mmoja wao. Sikumwona kwa muda. Kisha jioni moja nikamkuta njiani, kando ya ule ukuta, amebeba mfuko wa unga. Waashi walikuwa bado wanamalizia sehemu ya juu, na nilizitambua nguzo za jukwaa walilosimama juu yake. Zilikuwa boriti zile zile za mikoko, kamba zetu bado zimening'inia.

Moyo ulinirukaruka kama mtoto aliyeona sikukuu. Nikamwita kwa sauti, "Hatimaye boriti zenu zimepata kazi ya maana."

Nikangoja anirudishie. Alikuwa na mengi ya kusema, maana wiki hiyo hiyo tulikuwa tumefungwa vibaya. Aliweka mfuko chini, akafuta unga mikononi, akainamisha kichwa kidogo.

"Shikamoo, mzee."

Nilimtazama usoni nikitafuta kicheko. Hakikuwepo, alikuwa ananiheshimu kweli. Waashi kule juu walikuwa wanatusikiliza.

"Marahaba," nikamwitikia, kwa sababu shikamoo haina jibu jingine.