Jina Langu Kwenye Korosho za Albina

Siku niliyomwona Albina kwa mara ya kwanza alikuwa anaisema vibaya mashine yangu. Nilikuwa nimeitwa Ruponda kutengeneza mashine za kubangulia korosho za kikundi cha akina mama, zile za kukanyaga kwa mguu na kuvuta kwa mkono. Nilipomaliza moja nikasogea pembeni, maana mimi kuongea mbele ya watu siwezi. Mwanamke mrefu mwenye kitambaa cha njano kichwani akaweka korosho, akakanyaga. Ikatoka vipande vitatu.

"Fundi," akasema, "hii umeitengeneza ibangue korosho au ipasue kokoto?"

Wenzake wakacheka. Yeye akavuta kigoda, akachukua kirungu chake, akabangua korosho kumi kwa mkono, zote zikatoka nzima. "Umeona? Kisu kiishie kwenye ganda. Kikigusa karanga ya ndani, umetuharibia kazi." Nilinoa upya mpaka akaridhika. Tangu siku hiyo akawa ananiita mdogo wangu.

Wazazi wake walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji wakati wa vita, yeye akiwa mgongoni. Alianza kubangua akiwa na miaka tisa. Siku zile walichoma korosho juu ya bati, wakapaka majivu mikononi, wakagonga kwa jiwe. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Yanachubua ngozi, inaota nyingine, nayo inachubuka. Nilipomfahamu, ncha za vidole vyake zilikuwa laini na zinang'aa kama kipande cha sabuni kilichotumika. Glovu waliwahi kuletewa, lakini korosho iliteleza, na wiki haikuisha zikawa zimetoboka. Kikundi kilikuwa na akina mama thelathini na wanne, na karibu wote walifundishwa na yeye.

Mwaka juzi kikundi kikapata mnunuzi wa Uholanzi. Alikuja kijana wa ofisi yake ya Nachingwea, Maximilian, na pakiti ya korosho ili tuone mzigo wetu unavyouzwa kule. Albina akaigeuzageuza.

"Hapa wameandika imetoka wapi?"

"Uholanzi, mama."

"Kumbe na kwao kuna mikorosho?"

"Hakuna hata mmoja. Kule baridi. Wanapokea bandarini, wanakaanga, wanatia chumvi, wanauzia nchi za jirani."

"Nchi yenyewe kubwa?"

"Ndogo. Ukiiweka ndani ya mkoa wetu wa Lindi, nafasi inabaki."

"Basi shamba lao ni bandari," Albina akasema. "Wamepata shamba lisilotaka palizi!"

Tulicheka wote, na Maximilian pia. Mimi sina ugomvi na nchi inayoishi kwa kununua huku na kuuza kule. Kilichonikasirisha ni kilichofuata.

Maximilian alisema walaji wa kule siku hizi wanataka kujua korosho imepita mikononi mwa nani. Kila mbanguaji ataandikishwa kwa alama za vidole na picha. Mtu akiwa dukani Uholanzi, anaelekeza simu kwenye pakiti, anaona jina na sura ya aliyebangua. Asiyeandikishwa, korosho zake hazipokelewi.

Albina alifurahi kuliko wote. Miaka karibu hamsini amebangua, na jina lake halijaandikwa mahali popote ila kwenye cheti cha ubatizo. Siku ya kuandikishwa akaja amevaa gauni la kanisani, akawa wa kwanza kwenye foleni. Akaweka kidole gumba kwenye mashine ya kusoma alama za vidole. Mashine ikakataa. Akaweka cha pili, cha tatu, vyote kumi.

"Mama, kaoshe mikono," Maximilian akasema.

Akaosha kwa sabuni, kwa limao, kwa majivu. Ikakataa.

"Inasema haioni vidole."

"Haioni vidole? Na hivi ni nini, ndizi?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Baada yake mashine ikakataa wengine kumi na mmoja, wote wale wakongwe. Walioanza kubangua juzijuzi ikawakubali. Tunu mwenye duka la soda alikuja kutazama tu, akajaribu kidole kwa utani, na mashine ikamkubali palepale!

Hebu fikirini. Watu wanasema wanautaka mkono uliobangua, halafu mashine yao inaukataa mkono huo kwa sababu umebangua.

Maximilian akapiga simu ofisini. Akajibiwa kwamba hakuna njia nyingine. Akaangaza macho, yakatua kwangu, niliyekuwa pembeni nanoa visu vya mashine.

"Fundi, weka chako. Korosho za mama zitapita kwa jina lako."

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini watu wote walinigeukia, ikanishika ile aibu yangu ya tangu darasa la kwanza, nikanyoosha kidole. Mashine ikalia mara moja. Nikapigwa picha. Wale wengine nao wakatafutiwa vidole vya wakwe na wajukuu.

Albina alikwenda kubadilisha gauni, akarudi kubangua.

Misimu miwili alibangua hivyo. Maximilian akanionyesha kwenye simu yake: sura yangu, na chini yake "Hemedy Saadi, mbanguaji". Mimi, ambaye sijawahi kubangua hata debe moja! Kila nikienda Ruponda kutengeneza mashine nilimsalimia Albina nikiangalia chini.

Mwaka huu kifua kikamzidi, binti yake Aurelia akamchukua kwake Nambilanje. Hapo ndipo nilipokwenda kwenye ile ofisi na, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, nikapaza sauti mbele ya mtu wa ofisini.

"Futa jina langu. Andika Albina."

"Mzee, nikifuta, wataniuliza korosho za misimu miwili zilibanguliwa na nani," Maximilian akasema. "Wataona kikundi kimedanganya. Akina mama wote watakosa soko."

"Kikundi kimedanganya? Si ni wewe uliyeniambia niweke kidole?"

"Mimi niliwasaidia tu."

Aliwasaidia! Nilitoka bila kuaga.

Kesho yake nikapanda pikipiki hadi Nambilanje. Nilimkuta Albina amekaa mkekani, mgongo ameuegemeza ukutani, pembeni ana beseni la korosho chache na kirungu chake. Nikamweleza yote, na nikamwomba msamaha kwa siku ile niliyonyamaza. Alicheka mpaka akakohoa, na Aurelia akaja mbio na maji.

Siku tisa baadaye tulimzika hukohuko. Msalaba wake wa mbao niliuandika mimi kwa rangi nyeusi, herufi kubwa, ndiyo mara ya pili jina lake kuandikwa mahali. Lakini siku ile niliyomtembelea alikunywa maji, akajifuta mdomo, akalisukuma beseni mpaka likagusa goti langu.

"Jina lako limeshafika Uholanzi, mdogo wangu, na korosho hujui hata inavyoshikwa," akasema. "Haya, kaa chini ubangue."